Kuchagua bunduki ya kwanza ya shabaha: mwongozo kwa anayeanza Nakuru na magharibi

Anayetaka kuingia mchezo wa shabaha karibu kila mara huanza na jina la bunduki. Ameiona kwenye video, ameipenda, sasa anauliza bei. Hapa kwetu mpango huo ni kinyume. Bunduki ndicho kitu cha mwisho kuchagua. Kwanza sheria, kisha uwanja, kisha risasi utakazozipata bila kuhangaika, kisha mwili wako. Ukishapita hapo, bunduki zinazobaki ni chache na uamuzi wenyewe unakuwa mwepesi.

Namwandikia mtu mzima wa Nakuru, Kisumu, Kakamega au Eldoret anayetaka bunduki ya kujipakia yenyewe, yaani semi-otomatiki, kwa ajili ya kutoboa karatasi Jumamosi asubuhi na kuondoka amejifunza kitu. Mawindo hayamo humu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hadi leo mchezo wetu ni wa shabaha.

Hatua ya kwanza: jua sheria inakuruhusu nini

Semi-otomatiki maana yake ni hii: ukivuta triga mara moja, inatoka risasi moja. Bunduki yenyewe inatema ganda, inaingiza risasi nyingine kwenye chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, na kusubiri uvute tena. Ile inayoendelea kumwaga risasi kwa sababu kidole chako bado kiko kwenye triga ni otomatiki, na raia haruhusiwi kuwa nayo kabisa.

Lakini si kila semi-otomatiki inaruhusiwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaziweka bunduki za kivita za kujipakia, zile za milimita 7.62 na 5.56, kwenye kundi la silaha zilizokatazwa. Kwa hiyo maumbo ya AR na AK yanayojaa kwenye video za Marekani, yatoe akilini leo. Huko wana sheria zao, sisi tuna zetu, na adhabu ya kupatikana na silaha ya aina hiyo hapa si ya kulipa faini ukaenda nyumbani. Hata ile bunduki ndogo ya .22, yaani ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.22, iliyovishwa umbo la kivita, mimi singeichukua. Haikupi usahihi wowote wa ziada, na utapoteza muda wako ukijieleza kwa kila afisa atakayeiona.

Cheti cha silaha hutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, nacho si ruhusa ya jumla ya kumiliki bunduki yoyote uipendayo. Kinataja silaha yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho, na hufanywa upya kila mwaka. Utahitaji cheti cha tabia njema kutoka DCI, utachunguzwa, na utatakiwa kutoa sababu ya kutosha ya kutaka silaha. Tangu ukaguzi mkubwa ulioagizwa mwishoni mwa 2018, ambapo wamiliki wote wa silaha waliitwa kuhakikiwa upya, mambo haya hayafanywi kwa mazoea tena. Nami naona ni sawa kabisa.

Uliza kwa maandishi, kabla hujatoa hata shilingi moja ya amana, kama aina unayoifikiria inaweza kuidhinishwa kwa mchezo wa shabaha. Jibu litakalokuja ndilo litakaloamua ukurasa gani wa katalogi uufungue. Ukiambiwa semi-otomatiki haitapita kwa hali yako, chukua ya boliti, ile unayoipakia kwa mkono kila risasi, na uifurahie. Mengi ya mwongozo huu yatakufaa vilevile.

Na kama kuna mtu anayekuja na begi usiku akisema ana kitu kizuri cha bei ya chini, karatasi zitafuata, ondoka hapo. Sisi tunaoishi karibu na Baringo na Pokot tumeona silaha zisizo na karatasi zimefanya nini kwa watu, kwa mifugo na kwa shule zilizofungwa. Mchezo wetu hauna nafasi ya hata moja ya hizo.

Hatua ya pili: tafuta uwanja kabla ya bunduki

Swali la uwanja huwakwaza wengi. Mtu ana ekari kumi na tano Njoro au Rongai, anaona mahindi yamevunwa, eneo liko wazi, anafikiri anaweza kupigia pale. Hapana. Risasi ndogo ya .22 ikipigwa kwa mwinuko inaweza kwenda karibu kilomita mbili. Kilomita mbili kutoka shamba la Njoro kuna barabara, kuna watoto wanaochunga, kuna mama anayeanua nguo. Ardhi yetu ya Bonde la Ufa pia imejaa mawe ya volkano, na jiwe gumu huirusha risasi pembeni, mahali ambapo hukulenga.

Uwanja ulioidhinishwa una ukuta wa udongo wa kuzuia risasi, una msimamizi, una sheria za lini watu wanapiga na lini wanakwenda mbele kukagua karatasi. Kwa wengi wa Nakuru hii inamaanisha kusafiri. Baadhi hushuka hadi Kirigiti, Kiambu, ambako walengaji wa bastola wamekuwa wakishindana kwa miaka. Anayetoka Kisumu au Busia ana safari ndefu zaidi, na lazima aijumlishe kwenye gharama: mafuta, malazi, siku ya kazi. Bunduki unayoweza kuitumia mara mbili kwa mwaka si mchezo, ni mzigo wa kulinda.

Jiunge na klabu kwanza. Piga kwa bunduki za klabu chini ya mkufunzi. Uliza umbali wa uwanja ni mita ngapi, wanakubali risasi za aina gani, na kama wana masharti kuhusu semi-otomatiki. Kama umbali ni mita 25 na 50, na mara nyingi ndivyo, basi hatua inayofuata imeshajibiwa nusu.

Hatua ya tatu: chagua risasi, bunduki itafuata

Kwa anayeanza, risasi ni .22 LR (Long Rifle). Sina wasiwasi kulisema hilo bila kuzungukazunguka.

Risasi hii imekuwepo tangu 1887. Kipande cha risasi kinachotoka kwenye mtutu, kwa aina ya kawaida, kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Teke lake begani ni dogo mno, na hilo ndilo lenye thamani kubwa kwa mwanafunzi. Bunduki kubwa humfundisha mtu kujikunja. Anajua teke linakuja, anafumba macho, anaisukuma triga badala ya kuivuta, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kumtoka. Kwa .22 unaweza kupiga asubuhi nzima na bado unaona kosa lako mwenyewe kwenye karatasi.

Usidhani ni ya watoto. Kwenye Olimpiki, mashindano ya bunduki ya mita 50 kwa mikao mitatu, kupiga magoti, kulala na kusimama, hutumia .22 hii hii. Duara la kumi pale katikati lina upana wa milimita 10.4, yaani halifiki nusu ya sarafu ya shilingi moja. Na usidhani haiui. Inaua, na imeua watu wengi waliodhani ni ndogo.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo mnunuzi wa semi-otomatiki lazima alielewe. Bunduki nyingi za .22 za aina hii hazina mtambo mgumu ndani. Nguvu ya baruti inayosukuma risasi mbele ndiyo hiyo hiyo inayosukuma ganda nyuma, ganda linasukuma boliti, boliti inarudi na springi, na safari inaanza upya. Nguvu ikiwa haba, boliti hairudi hadi mwisho, na ganda hukwama mlangoni. Ndiyo maana risasi za polepole, zile zisizovuka kasi ya sauti ya mita 340 hivi kwa sekunde, ambazo kwenye bunduki ya boliti ni tamu sana, mara nyingi husumbua kwenye ya kujipakia. Zile za kasi zaidi, za karibu mita 380 kwa sekunde, huisukuma vizuri.

Kwa hiyo uliza duka: aina gani za risasi za .22 huwa zipo mwaka mzima? Kila bunduki ya .22 ina chapa inayoipenda. Bunduki mbili za modeli moja zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kupishana. Ukipata nafasi, piga aina tatu au nne, risasi tano tano kwa kila karatasi, uone ni ipi inakusanya matundu pamoja. Kisha baki na hiyo.

Je, iwe semi-otomatiki kweli? Boliti inafundisha subira, kwa sababu kila risasi ina kazi yake ya mkono. Ya kujipakia inakuacha utulie kwenye mkao bila kusogeza bega, lakini inamshawishi mwanafunzi apige haraka haraka. Ushauri wangu ni uanze na boliti ya klabu hadi mkao wako utulie, ndipo ununue ya kujipakia kama bado unaitaka.

Hatua ya nne: ipime kwenye mwili wako

Hapa duka nyingi hukimbia, na mnunuzi hukubali kukimbizwa. Usikubali. Muuzaji akishakuonyesha kwamba haina kitu, kunja mkono wako kiwiko kiwe pembe ya mraba, weka mwisho wa kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, halafu unyooshe kidole kuelekea triga. Ncha ya kidole inapaswa kutua kwenye triga bila kujivuta. Kama inaishia kabla, kitako ni kirefu kwako, nawe utalazimika kuegemea nyuma ili kuibeba. Kama inapita sana, pua yako itagongana na kidole gumba. Kipimo hicho si cha kisayansi sana lakini kinaondoa bunduki nyingi zisizokufaa kwa nusu dakika.

Kisha fumba macho, ipandishe begani ilenge ukuta salama ambao muuzaji amekuonyesha, laza shavu lako kwenye kitako, fumbua macho. Unaona kilengeo sawasawa, au unakitafuta kwa kuinua na kushusha kichwa? Kama unakitafuta, bunduki hiyo haijakukaa. Kuna vitako vinavyorekebishwa kwa vipande vya nyongeza, navyo ni vizuri hasa kwa nyumba ambayo mke na mume wote wana vyeti na wanataka kuizoea bunduki ya modeli moja.

Jua pia jicho lako linalotawala. Unganisha viganja viwili uache tundu dogo katikati, tazama kupitia hapo kitu kilicho mbali, mfano mlingoti wa simu, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki na mlingoti ndilo linalotawala. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto anahitaji kuzungumza na mkufunzi kabla ya kununua, kwa sababu huenda akapiga vizuri zaidi kwa bega la kushoto. Anayetumia bega la kushoto akumbuke kwamba bunduki nyingi hutema maganda upande wa kulia, yaani mbele ya uso wake, na ganda la moto likiingia kwenye kola ya shati humfanya mtu ageuke na bunduki mkononi. Miwani ya kinga na shati la kufunga hadi shingoni si hiari kwake.

Hatua ya tano: majina machache

Ukifika hapa, orodha ni fupi. Ruger 10/22 ilitoka 1964 na bado ndiyo inayojulikana kuliko zote katika kundi hili. Ina uzito wa takriban kilo 2.3, magazini yake ya duara, yaani kasha la risasi, huingiza risasi kumi na kukaa ndani ya kitako bila kutokeza. Uzuri wake mkubwa ni kwamba vipuri na maarifa yake yamesambaa: fundi yeyote wa bunduki anayeijua .22 ameshaifungua. Ubaya wake, ambao mwanafunzi lazima aambiwe, ni kwamba kama ilivyotoka kiwandani boliti haibaki nyuma risasi zikiisha. Inajifunga, nawe huwezi kujua kwa kuitazama tu kama iko tupu.

CZ 512 ya Czech na Savage A22 ya Marekani pia ni za kuzingatia ukizikuta kwa muuzaji mwenye leseni. Marlin Model 60, iliyoanza 1960, ni bunduki sahihi na hupatikana ikiwa imetumika, lakini risasi zake hukaa kwenye bomba chini ya mtutu. Kwa mtu wa kwanza mimi napendelea magazini inayochomoka. Unaichomoa, unaiweka mezani, kila mtu anaiona. Bomba linaweza kubaki na risasi moja iliyogoma kushuka.

Zaidi ya jina, uliza vitu viwili: springi na kivuta ganda vinapatikana wapi vikivunjika, na magazini ya ziada itachukua muda gani kufika. Bunduki bila magazini ya pili ni Jumamosi nzima ikipotea kwa sababu ya kipande kimoja kidogo.

Hatua ya sita: kagua ile ile utakayoichukua

Kabla ya kugusa chochote, ukaguzi wa chemba. Huu ujue kama jina lako. Mtutu uelekee mahali salama, kidole nje ya triga. Kwanza chomoa magazini. Kisha vuta boliti nyuma kabisa uishikilie. Tazama ndani ya chemba kwa macho, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse. Mpangilio huo hauruhusiwi kubadilika. Mtu akivuta boliti kwanza huku magazini bado imo, risasi iliyokuwa chemba inatoka, anaiona ikianguka, anaridhika, anaachia boliti, na boliti inaingiza nyingine. Kisha anachomoa magazini na kuamini iko tupu. Ajali nyingi za bunduki za kujipakia zimezaliwa katika makosa hayo ya sekunde tatu. Uwanjani utamsikia msimamizi, hata kama ni rafiki yako wa miaka, akikwambia, "Kaka, nionyeshe chemba." Mwonyeshe bila kukasirika, na ukipewa bunduki na mwingine, kagua tena hata kama umemwona akikagua.

Baada ya hapo, linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Bunduki ambayo namba yake imekwanguliwa kwa tupa, iache. Angalia ndani ya mtutu kwa mwanga kutoka upande wa chemba: unataka mistari mikali inayozunguka, bila madoa ya kutu. Tazama mdomo wa mtutu, kwa sababu ukingo uliobonyea pale huharibu usahihi kuliko mkwaruzo wowote kwenye mbao. Ijaribu sefti, kile kizuizi cha triga. Kama ni iliyotumika, fundi aifungue kabla ya kulipa, na triga iliyochezewa iwe nyepesi kupita kiasi ikataliwe papo hapo.

Hatua ya saba: vilengeo

Anza na vilengeo vya chuma vilivyokuja nayo. Skopu, yaani darubini ya kulengea, ni nzuri, ila humficha mwanafunzi makosa ya mkao. Ukinunua skopu baadaye, chukua iliyotengenezwa kwa .22, inayosawazishwa kwa mita 50 hivi. Kwenye skopu za robo dakika ya pembe, klik moja ya kirungu cha kurekebishia husogeza tundu karibu milimita 3.6 katika umbali huo. Matundu yakiwa sentimita 4 kushoto, geuza klik 11 kulia, piga tano nyingine, tazama. Usigeuze baada ya risasi moja.

Piga asubuhi. Upepo wa Nakuru huamka mchana, na upepo wa wastani tu unaweza kuisogeza risasi hii sentimita mbili kwenye mita 50. Ukizungusha skopu saa nane mchana unairekebishia upepo, si bunduki.

Kuitunza kwa hali ya hewa yetu

Nakuru adui ni vumbi. Ule unga laini wa kutoka Gilgil hadi Lanet huingia kila mahali, nao ukikutana na mafuta mengi huwa tope la kusaga chuma. Kwa hiyo mafuta kidogo, tone moja kwenye njia ya boliti, na ubebe bunduki kwenye mfuko uliofungwa zipu. Kisumu na Kakamega adui ni unyevu. Huko futa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya kupiga, na usiihifadhi kwenye mfuko wa sponji, maana sponji hunywa maji na kuyashikilia. Pakiti za kunyonya unyevu ndani ya sefu husaidia, zikibadilishwa.

Sefu iwe ya chuma, imefungwa kwa boliti ukutani, risasi zikae mbali na bunduki, na ufunguo asiujue mtoto wala mgeni. Njiani ibebe kwenye gari lako, ikiwa tupu, magazini imechomolewa, cheti mfukoni. Usiibebe kwenye matatu. Kwenye kizuizi, sema mapema kabla ya kukaguliwa: "Afande, nina bunduki ya leseni kwenye buti, cheti hiki hapa." Mikono ionekane, usiende kuitoa mwenyewe hadi uambiwe.

Siku ya kwanza uwanjani

Kinga masikio na macho kabla ya kufungua mfuko. Weka risasi moja tu kwenye magazini. Piga, kagua chemba, weka nyingine moja. Ukiona kidole kimetulia na hukimbilii karatasi kwa macho kabla ya mlio kuisha, weka mbili, kisha tano. Magazini iliyojaa isubiri siku nyingine.

Ukivuta triga na isilie, usifungue. Shikilia mtutu kwenye shabaha sekunde thelathini, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kuwaka, kisha chomoa magazini na utoe risasi ile kwa utaratibu. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama kabisa na usipige nyingine: huenda risasi imekwama ndani ya mtutu. Toa magazini, kagua chemba, mwite msimamizi atazame mtutu. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chai, maana vumbi la risasi lina madini ya risasi, yaani ledi, ndani yake, na lisilonawika huishia tumboni.